Kabla ya Wimbo, Sindano

Fundi wa gramafoni anayeijua kazi yake haanzi na sauti, anaanza na sindano. Huitazama chini ya lenzi, akaifuta kwa brashi laini kutoka nyuma kuja mbele, kisha akapima uzito inaokandamizia santuri: gramu 1.5 au 2 kwa mashine nyingi za sasa. Mjini Moshi vumbi la kiangazi huingia hadi kabatini; huko juu mlimani, Machame na Marangu, unyevu huotesha ukungu kwenye majalada. Uangalifu huo si mbwembwe.

Wasio na subira waliweka sarafu juu ya kichwa cha sindano ili isiruke. Kweli, iliacha kuruka. Ila uzito ule ulichimba mifereji ya santuri, na sauti za juu zikaondoka moja kwa moja.

Kwa vipimo, CD inaishinda santuri, na kubisha ni kupoteza muda. Tangu Sony na Philips waiingize sokoni mwaka 1982, inabeba desibeli 96 kutoka sauti ndogo kabisa hadi kubwa kabisa. Santuri nzuri huishia kwenye 70 hivi. Tena besi ya santuri hupunguzwa wakati wa kuchonga, na kikuza sauti maalumu ndicho huirudisha. Anayechomeka gramafoni kwenye redio bila kifaa hicho hupata sauti nyembamba, halafu lawama anaitupia santuri.

Lakini CD iliyozoeleka kwenye stendi za mabasi ni ipi? Ni ile ya kuchoma, nyimbo za MP3 mia na ushee, mara nyingi zimeminywa hadi kilobiti 128 kwa sekunde badala ya 1,411 za CD halisi.

Na nyimbo za zamani hazikutungwa kwa ajili ya CD. Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe na bendi ya Simba Wanyika walitunga kwa kipimo cha santuri ya mizunguko 45: upande wa kwanza maneno, wa pili magita yakiachiwa. Msikilizaji alilazimika kuinuka kuigeuza. Sahani zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Moshi, jirani na Taveta ya Kenya, ilikatiwa njia halali ya kuzipata hadi 1983. Zilizokuwepo zikachezwa mpaka zikachakaa.

Sasa makasha yanashushwa darini, sahani zinanakiliwa kwenye kompyuta zikiwa na vumbi lake, hakuna aliyeitazama sindano. Nakala hizo ndizo zinazosambaa kwenye simu, na kijana anayezisikia anaamini kwamba muziki wa zamani ulirekodiwa vibaya.