Tairi la Mbele na la Nyuma Hayana Kazi Moja

Mwaka 2015 huko Leogang, Austria, Mmarekani Aaron Gwin alikatikiwa mnyororo mara tu alipoanza kukanyaga pedali, kwenye Kombe la Dunia la baiskeli za kuteremka milima. Akateremka hivyohivyo bila mnyororo, na akashinda. Mwaka mmoja kabla, kwenye mlima huohuo, tairi lake la nyuma lilipata pancha, likachanikachanika, akamalizia njia juu ya rimu tupu. Siku hiyo hakuwa na lake. Mwendeshaji ni yuleyule na mlima ni uleule; kilichomwangusha ni tairi. Lakini nenda duka lolote la baiskeli usikilize wanunuzi: maswali yote ni ya gia na breki, na tairi huchaguliwa kwa kuangaliwa meno tu.

Meno yana kazi yake, sikatai. Yakiwa marefu na yameachana, huchimba udongo laini na kutema matope. Kwenye mwamba na mizizi, hata hivyo, kinachoshika ni mpira wenyewe, na mpira unaoshika vizuri ndio unaolika haraka. Isitoshe, jino refu la mpira laini hujikunja kwenye kona, na likijikunja sana hung'oka shinani. Basi mtu anatakaje tairi linaloshika na linalodumu kwa wakati mmoja?

Maxxis, kampuni ya Taiwan inayotengeneza matairi ya Minion, ililijibu swali hilo kwa kuchanganya mipira mitatu katika tairi moja. Chini kabisa kuna mpira mgumu, unaoshikilia shina la jino lisiyumbe. Juu yake, katikati ya tairi, unakaa mpira wa wastani, kwa sababu hapo ndipo tairi linapobingirika muda mwingi. Pembeni, kwenye meno yanayombeba mwendeshaji anapolaza baiskeli kwenye kona, ndipo ulipo mpira laini kuliko yote. Ulaini hupimwa kwa kipimo cha Shore A, na namba ikishuka mpira ni laini zaidi: matairi yao ya kawaida ya miaka ya nyuma yalikuwa 60, yale ya kunata 42. Huhitaji kifaa kuiona tofauti. Bonyeza jino kwa ukucha. La mpira wa kunata hurudi polepole. Huo uvivu wa kurudi ndio mshiko, maana jino haliruki likigonga jiwe, linalilalia.

Uimara ni habari nyingine, nao umo kwenye kitambaa cha nyuzi kilichofichwa ndani ya mpira. Hapa wanunuzi wengi hudanganyika. Tairi limeandikwa nyuzi 120 kwa inchi, jingine 60, nao hudhani namba kubwa ndiyo imara. Nyuzi 120 ni nyembamba: tairi linakuwa jepesi na linajipinda kufuata umbo la jiwe, lakini ubavu wake huchanika upesi. Nyuzi 60 ni nene na sugu. Matairi ya njia mbaya kweli hupewa tabaka mbili za kitambaa, na kwa upana wa inchi 2.5 hilo huongeza gramu 200 hadi 300 juu ya tairi la kilo moja hivi. Ukipanda mlima utaziona hizo gramu. Mimi nazikubali, ila nyuma tu.

Kwa nini nyuma? Uzito mwingi wa mtu uko huko, na gurudumu la nyuma ndilo linalogonga jiwe bila kusamehewa, kwani la mbele mikono huliinua. Tena linalika mapema kwa kukanyagwa na kuburutwa na breki. Kwa hiyo nyuma weka tabaka mbili na mpira mgumu kidogo. Mbele weka mpira laini kabisa unaoweza kuumudu: gurudumu la nyuma likiteleza utalirudisha, la mbele likiteleza uko chini. Ndiyo maana inashangaza kuona mtu akinunua tairi moja jipya na kulifunga nyuma, huku mbele ameacha kipara. La mbele lililolika kiasi lihamie nyuma, jipya likae mbele.

Upepo nao usiupime kwa kidole gumba. Mtu wa kilo 75 kwenye matairi mapana yasiyo na tyubu aanzie psi 23 mbele na 26 nyuma, kisha apunguze moja moja mpaka asikie rimu ikigusa jiwe, halafu aongeze mbili.

Jambo moja ambalo tabaka mbili hazilizuii ni mwiba wa mgunga. Anayeendesha kwenye hifadhi ya Hell's Gate, Naivasha, nchini Kenya, atachomwa hata akifunga tairi la bei gani, na dawa yake ni kuondoa tyubu na kumimina ndani maji mazito ya kuziba matundu. Kwenye joto hukauka ndani ya miezi michache, na tairi kwa nje haliwezi kukuambia. Tikisa gurudumu usikilize kama bado yanacheza.