Sala ya Asubuhi: Jina Moja, Ibada Mbalimbali

Katika safari ya kikazi mkoani Mara, kati ya Musoma, Bunda na Butiama, mwandishi wa makala haya alionyeshwa ratiba ya shule moja ya bweni. Ratiba hiyo iliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha ikatafsiriwa na kubandikwa ukutani. Mstari wake wa kwanza ulisomeka hivi: "Saa 1:00 asubuhi: Sala ya asubuhi, wanafunzi wote." Mwalimu wa zamu alieleza kwamba wanafunzi Waislamu walikuwa wameomba ruhusa ya kuamka mapema ili wasali, wakajibiwa kuwa hapana haja, maana sala ya asubuhi imekwisha kuwekwa katika ratiba.

Jibu hilo lilitolewa kwa nia njema, na aliyetafsiri hakukosea sarufi hata kidogo. Walakini saa 1:00 asubuhi jua la Musoma limekwisha kuchomoza, na wakati wa sala waliyoiomba vijana wale umekwisha kupita. Neno lilikuwa moja. Mambo yaliyokusudiwa yalikuwa mawili. Yafaa basi tuichunguze istilahi hii, asili yake na matumizi yake, ili tuone wafasiri, walimu na watumishi wa serikali waitumie namna gani.

Neno *sala* tumelipata kutoka Kiarabu, na wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti husema kuwa Waarabu nao walilipokea kutoka Kiaramu. Neno *asubuhi* vile vile lina asili ya Kiarabu, yaani *subhi*. Kwa hiyo maneno yote mawili yaliingia katika Kiswahili cha pwani pamoja na maisha ya Kiislamu, na ndani ya maisha hayo yalikuwa na maana mahsusi. Sala ya kwanza katika zile tano za siku kwa Kiarabu huitwa kwa majina mawili, la alfajiri na la subhi. Ni ya rakaa mbili za faradhi. Wakati wake huanza pambazuko la kweli linapotanda katika upeo wa mashariki, na huisha jua linapochomoza. Asaliye baada ya hapo huhesabiwa kuwa analipa, wala hakuisali kwa wakati wake.

Wamisionari walipofika waliyakuta maneno hayo tayari, wakayatumia. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844 alitafsiri kwa Kiswahili sala za asubuhi na za jioni za Kanisa la Uingereza, na tafsiri hiyo ikapigwa chapa Tübingen, Ujerumani, mwaka 1854. Tangu hapo vazi lile lile la maneno limevikwa mwili mwingine. Nasi tukumbuke kuwa hata huko Uingereza "Morning Prayer" si maelezo ya wakati tu. Katika kitabu cha sala cha mwaka 1549 ibada hiyo ilikuwa bado na jina lenye asili ya Kilatini. Jina la Kiingereza lilishika nafasi yake katika kitabu cha mwaka 1552. Ni jina la ibada maalumu yenye utaratibu ulioandikwa: maungamo, zaburi, masomo na maombi. Waanglikana, ambao Dayosisi yao ya Mara iliundwa mwaka 1985, wanapoandika Sala ya Asubuhi kwa herufi kubwa wanaitaja ibada hiyo.

Wakatoliki walifuata njia nyingine. Ibada yao ya mapambazuko kwa Kilatini huitwa *Laudes*, yaani sifa, kwa sababu ya zaburi za kusifu, ya 148 hadi ya 150, zilizokuwa zikisaliwa humo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliihimiza upya mwaka 1963, na kwa Kiswahili ikaitwa Masifu ya Asubuhi. Kwa maoni yetu hii ni kazi njema ya uundaji wa istilahi. Aliyeiunda aliiacha sauti ya Kilatini akaichukua maana, akaijenga kwa kitenzi *sifu* ambacho kila Mswahili anakijua, wala hakugongana na neno la mtu mwingine.

Njia ya tatu ni ya makanisa mengi ya Kiprotestanti. Wamennonite waliofungua kituo chao Shirati mwaka 1934 ni sehemu ya mapokeo ambamo mtu husali kwa maneno yake mwenyewe zaidi kuliko kwa kitabu, na huko mara nyingi utasikia *maombi ya asubuhi* au *ibada ya asubuhi*. *Omba* ni neno la Kibantu lenye joto la nyumbani. Lina kasoro moja tu, nayo humhusu mtumishi wa ofisini: *maombi* ni pia barua za kuomba kazi, uhamisho na likizo. Tangazo lisemalo kuwa maombi yatapokelewa asubuhi laweza kuwakusanya watu wa aina mbili mlangoni.

Liko na jambo la nne, ambalo hudhihirika zaidi Butiama. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa huko mwaka 1922 na kubatizwa mwaka 1943, alijulikana kwa kuhudhuria misa kila siku, aghalabu mapema asubuhi. Tangu kesi ya kumtangaza mwenye heri ilipofunguliwa katika Jimbo la Musoma, habari za ibada zake zimeandikwa mara nyingi, na baadhi ya waandishi husema kuwa alikuwa akienda "sala ya asubuhi". Kwa msomaji wa kawaida hapana madhara. Kwa msomaji Mkatoliki kosa ni kubwa, kwa kuwa misa ina sadaka na komunyo, nayo huongozwa na padre. Masifu yaweza kusaliwa na mlei peke yake chumbani. Anayeandika historia ya mtu mashuhuri kiasi hicho hana ruhusa ya kuyachanganya.

Tukirudi kwenye wakati, tofauti huwa dhahiri zaidi. *Asubuhi* ni kipindi kirefu, *alfajiri* ni kifupi chenye mipaka. Tena mipaka hiyo haifanani nchi nzima, ingawa saa zetu ni moja. Musoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa kadiri ya nyuzi 5 na nusu za longitudo, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hesabu ya longitudo peke yake, mapambazuko hufika Musoma yapata dakika 22 baada ya Dar es Salaam. Ratiba iliyotungwa makao makuu, ikitaja "sala ya asubuhi saa 11:30" kwa shule zote, itawafaa watu wa pwani, huku ikiwataka watu wa ziwani wasali wakati ambapo baadhi ya miezi alfajiri haijaingia.

Kuna pia suala la tahajia. Wengi siku hizi huandika *swala* ili kuihifadhi sauti nzito ya Kiarabu, kama wanavyoandika *swaumu* badala ya *saumu*. Hatuna ugomvi nao. Lakini *swala* ni mnyama pia, na mtu wa Bunda, jirani wa Serengeti, humjua vema. Tena wapo waandikao "swala la elimu" wakikusudia *suala*. Hilo ni kosa, na walimu walisahihishe bila kuchoka: *suala* ni jambo linaloulizwa au kujadiliwa, nalo lina njia yake kutoka Kiarabu, mbali na sala.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba *sala ya asubuhi*, kwa herufi ndogo, ibaki kuwa jina la jumla, litumike pale tu ambapo dini haikutajwa wala haihitajiwi. Panapokusudiwa ibada ya Kiislamu iandikwe *sala* au *swala ya alfajiri*. Ya Kikatoliki iwe *Masifu ya Asubuhi*, na misa iitwe misa. Ya Kianglikana iwe *Sala ya Asubuhi*. Ya makanisa mengine iitwe kama wenyewe waitavyo, *maombi* au *ibada*. Mfasiri akikutana na maneno ya Kiingereza yasiyoeleza, asikisie. Aulize ni nani wanaosali, na saa ngapi.

Huenda wengine wakaona kuwa tunapasua nywele. Hatudhani hivyo. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani na ibada. Uhuru huo hauvunjwi na sheria mbaya peke yake. Waweza pia kupunguzwa na mstari mmoja wa ratiba, ambamo ibada ya kundi moja imepewa jina la ibada ya wote. Ratiba ile ya Mara ingalitosha kuandikwa mistari miwili: "Alfajiri: sala ya Waislamu. Saa 1:00 asubuhi: ibada ya Wakristo." Tuliyaandika maneno hayo katika karatasi, tukamwachia mwalimu wa zamu. Akayasoma, kisha akasema kuwa kazi iliyobaki ni kumtafuta mlinzi wa kufungua mlango wa bweni mapema. Hiyo ndiyo kazi istahiliyo kubakia baada ya neno kuwekwa mahali pake.