Ungo Kwenye Ukingo wa Rukwa

Tunduma hailali. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni usiku kucha, bodaboda hupiga honi hata pasipo na mtu barabarani, baa hushindana kwa spika, na treni ya TAZARA ikipita mji mzima unajua. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019 kilipunguza mlolongo wa makaratasi mpakani, kelele hakikuzigusa. Mtu anayetaka kumsikia nyenje mmoja kwa dakika tano mfululizo, bila injini kuingilia, hana la kufanya hapa isipokuwa kuondoka.

Rafiki yangu mmoja huondoka. Ufundi aliuanzia kwenye studio ya kurekodi kwaya, kazi inayolipa vizuri kuliko hii ninayotaka kuisimulia, ambayo hailipi kitu. Mwisho wa kiangazi, Oktoba ikishika moto, anapanga vifaa kwenye begi la mgongoni na kuteremka bondeni kwa barabara ya Mlowo hadi Kamsamba, na kutoka hapo anatafuta ziwa. Nasema anatafuta kwa sababu Rukwa halina adabu ya kukaa mahali pamoja. Mito ya Momba na Songwe inaingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa jua tu na kuacha chumvi na magadi. Mvua zikiwa nzuri ziwa linapanuka na kumeza mbuga. Zikipungua linarudi nyuma na kuacha tope lililopasuka, na ukingo wa mwaka jana unakuwa malisho ya ng'ombe.

Kwa hiyo rafiki yangu hafungui ramani. Anafika kwa wavuvi jioni, anaamkia wazee, anakaa. Anauliza maji yameishia wapi mwaka huu, viboko wanatokea upande gani, mamba wanaota jua wapi. Nilipofuatana naye niliyaona mazungumzo hayo kama adabu ya mgeni, kumbe ndiyo nusu ya kazi. Bonde hili liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari, chini sana kuliko Tunduma, joto lake halibembelezi, na gizani mtu asiyejua anakokanyaga anaweza asirudi na rekodi wala miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ungo mmeleta, luninga iko wapi?"

Walicheka wote. Kweli kifaa kile ni ungo: sahani ya plastiki angavu, upana wa nusu mita, yenye maikrofoni katikati iliyoelekezwa kwenye sahani, ikimpa kisogo yule anayerekodiwa. Rafiki yangu akamvika mzee hedifoni na kumwachia augeuze ungo taratibu kuelekea matete. Mzee alinyamaza. Kisha akanyoosha kidole gizani na kusema huyu yuko ng'ambo ya mfereji, yule mwingine yuko juu ya mti uliokauka. Hakuwa amefundishwa na yeyote. Ukikulia bonde la mpunga, ambako watoto hushinda mashambani wakiamia kwelea kwelea kwa kombeo na madebe, masikio yanapata shule mapema.

Ungo una sheria zake, na fundi mzuri hujulikana kwa kuzikubali. Hukusanya sauti ambazo wimbi lake ni fupi kuliko upana wake. Katika hewa ya nyuzi 20 sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa mara 680 kwa sekunde una wimbi la nusu mita, sawa na upana wa ule ungo. Chini ya hapo sahani haisaidii tena. Shoro, yule ndege mdogo wa kwenye nyasi, anaingia barabara. Kiboko hapana. Ukimrekodi kiboko kwa ungo unapata kiboko aliyekonda, sauti yake yote ya tumboni imebaki nje. Wanyama wa namna hiyo rafiki yangu huwawekea maikrofoni mbili wazi, zilizovishwa manyoya bandia ya kuzuia upepo, akazifunga kwenye gogo karibu na maji na kurudi nyuma na waya mrefu. Urefu wa waya ule haukupangwa na sayansi ya sauti. Ulipangwa na mamba.

Saa kumi alfajiri yuko kwenye nafasi yake. Hapo ndipo nilipouona ufundi wenyewe, na wa kutazama haukuwa mwingi. Jaketi la nailoni amelivua jioni kwa sababu linachakacha. Amevaa fulana nzito ya pamba. Saa ya mkononi iko kwenye begi, funguo ziko kwenye begi, simu imezimwa. Amekula mapema ili tumbo lisingurume. Anapumua kwa mdomo ulioachama kidogo, kwa maana pua hupiga filimbi ambayo mwenye nayo haisikii. Dawa ya mbu amejipaka shingoni na vifundoni, mikononi hakupaka, kwa sababu baadhi ya dawa hizo huila plastiki. Mbu akitua kwenye kidole, anaachwa anywe. Sijawahi kuona mtu mzima akimtazama mbu anavyoshiba bila kufanya lolote.

Kipimo cha sauti amekiweka chini, vilele vikiishia kwenye desibeli 12 chini ya ukomo. Mwanafunzi huweka juu ili asikie vizuri, halafu furukombe anapiga kelele kutoka mti wa jirani na rekodi nzima inapasuka, na hakuna dawa ya sauti iliyopasuka. Anayejua huacha nafasi kwa ajili ya yule ambaye bado hajaimba.

Alfajiri ina faida ambayo si ushairi. Upepo umelala, na hewa ya baridi iliyojilaza juu ya ardhi, ikifunikwa na hewa yenye joto kidogo juu yake, huipinda sauti irudi chini badala ya kupotea angani. Ndege aliye mbali anasikika karibu. Kuanzia saa kumi na moja na nusu wanaanza mmoja mmoja: njiwa, kisha shoro, kisha wale wasiotambulika mpaka wasikilizwe tena nyumbani. Dudumizi akaingia, na wakazi wa huku watakuambia mvua haiko mbali. Sauti yake inashuka ngazi kwa ngazi, mfano wa maji yanayomiminwa kutoka kibuyu chenye shingo nyembamba. Jua huchelewa upande huu wa nchi. Lilipochomoza, saa kumi na mbili na nusu hivi, furukombe wawili walirusha vichwa nyuma na kupokezana, dume kwa sauti ya juu zaidi, jike kwa sauti nzito.

Halafu tiva. Ni ndege mweusi mgongoni, mweupe kifuani, mwenye aibu, anayeishi ndani ya vichaka. Ulichosikia ukadhani ni ndege mmoja mwenye noti tatu safi mara nyingi ni wawili, dume na jike, mmoja akianza na mwingine akimalizia kwa wakati kamili kiasi kwamba sikio la binadamu halipati mshono. Hili halikugunduliwa kwa macho. Myles North, aliyekuwa mtawala wa wilaya katika Kenya ya kikoloni, alizunguka na mashine za kurekodi enzi ambazo vifaa vilikuwa mzigo hasa, na mwaka 1958 Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kilitoa santuri yake ya sauti za ndege wa Afrika. Baadaye yeye na mtaalamu wa Cambridge, William Thorpe, walizichunguza sauti za tiva na kuchapisha matokeo katika jarida la Nature mwaka 1965. Afisa mwenye mafaili ya kodi mezani alikuta nafasi ya kusimama kichakani akisubiri ndege wawili wajibizane. Kazi yake ya ofisi sitaitetea. Ile ya kichakani naistahi.

Kabla yake alikuwapo Ludwig Koch, mtoto wa Kijerumani aliyerekodi ndege wa kufugwa mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka 8, kwenye silinda ya nta. Tangu wakati huo vifaa vimepungua uzito mara nyingi sana. Kusubiri hakujapungua hata dakika moja.

Ndege wana mashabiki wengi, kwa hiyo nataka kukaa kwa wadudu. Bonde la Rukwa lina sifa mbaya upande huo. Ni mojawapo ya maeneo wanakozaliana nzige wekundu, na mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kupambana nao, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, ng'ambo ya mpaka wetu upande wa Zambia. Mwaka 2009 nzige walipozidi tena, bonde lilinyunyiziwa kuvu inayowaua bila kuwadhuru viumbe wengine wengi. Kazi hizo zilikuwa za lazima. Anayelima mahindi Mbozi hawezi kuzibeza. Lakini zilimjua mdudu kwa hesabu ya hasara, na mdudu ana mengine ya kusema.

Nyenje dume husugua bawa juu ya bawa. Panzi wengi husugua mguu wa nyuma kwenye bawa. Nyenze wa mitini hasugui kitu. Ana vigozi viwili ubavuni mwa tumbo anavyovibonyeza na kuviachia mara mamia kwa sekunde. Mwaka 1897 Mmarekani Amos Dolbear aliandika kwamba kwa kuhesabu milio ya nyenje mtu anaweza kukadiria joto la hewa, kwa kuwa mwili wa mdudu hufuata joto la mahali alipo na wimbo wake nao hufuata. Ndiyo maana rafiki yangu hutundika kipimajoto kidogo kwenye mti na kukisoma kila anapoanza rekodi ya mdudu. Wimbo wa nyenje usioambatana na nyuzi za joto ni nusu ya habari.

Kuna na wale tusiowasikia kabisa. Sikio la kijana lenye afya huishia kwenye mitetemo 20,000 kwa sekunde, la mtu wa rika langu liliishia chini ya hapo zamani. Mashine inayochukua sampuli 48,000 kwa sekunde huweza kushika hadi mitetemo 24,000, basi. Ukitaka zaidi unaongeza hadi 96,000 na kadi inajaa upesi. Alipoongeza, aliniita nitazame kioo cha kompyuta ndogo. Muda ulikuwa unakwenda kushoto kulia, kimo cha sauti chini kwenda juu. Viboko walikuwa doa jeusi chini kabisa. Ndege walijaza katikati kwa mikwaruzo. Nyenje alikuwa mstari mwembamba ulionyooka. Na juu kabisa, mahali ambapo masikio yetu wote wawili yalisema kuna kimya, kulikuwa na safu ya vistari vilivyopangwa sawasawa. Mdudu fulani nyasini, hatua chache kutoka tulipokaa, alikuwa amefanya kazi usiku kucha.

Saa tatu asubuhi upepo uliamka, nyenze wakaanza kwa pamoja mitini, na kazi ikaisha. Bado hakuinuka. Kabla ya kuzima mashine, alisema kwa sauti ya kawaida, ndani ya rekodi ileile: tarehe, saa, mahali, nyuzi za joto, upepo, ndege aliowatambua, na asiowatambua. Akasoma na namba za GPS. Studio nyingi zingeona huo ni urasimu. Fikiria basi rekodi ya mwaka 2010 iliyoandikwa "ukingo wa Rukwa, Mkoa wa Mbeya". Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na ukingo wenyewe umehama mara ngapi tangu hapo. Bila namba, rekodi hiyo haipo popote.

Nilimuuliza kwa nini haondoi mlio wa mtumbwi unaopita dakika ya saba, maana programu za kufanya hivyo zipo na yeye anazitumia kila siku kusafisha kwaya. Alisema mtumbwi ulikuwepo. Nimewahi kusikia kanda za "sauti za asili" zilizopambwa mpaka hakuna upepo, hakuna mbwa wa kijiji, hakuna hata mbu. Ni nzuri za kulalia, na kwa maoni yangu ni uongo. Fundi wa kweli anaacha faili lake ghafi lisilobanwa, analitunza mahali pawili, na kama kuna usafi wa kufanya anaufanya kwenye nakala.

Nawe msomaji, kama uko Kamsamba, Ivuna, Mkwajuni au popote penye maji na matete, simu yako inatosha kuanzia. Izuie isiingize simu wala ujumbe, iweke juu ya jiwe kabla ya saa kumi na mbili, ondoka hatua ishirini, uiache dakika kumi. Ukirudi, sema tarehe, saa na jina la kijiji kabla hujaizima. Kuna hazina ya wazi mtandaoni iitwayo Xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, inayopokea sauti za ndege kutoka kwa yeyote, na siku hizi hata za panzi na nyenje. Haiulizi una cheti gani. Inauliza ulirekodi wapi, na lini.