Bangi Mpakani: Uhakiki wa Hoja za Kuihalalisha na wa Majibu ya Mimbara Zetu

Katika makala haya tunakusudia kuzipima hoja za wale watakao bangi iwe halali, si kwa tiba peke yake bali hata kwa kujiburudisha. Kisha tuyapime kwa mizani ile ile majibu ambayo mimbara zetu zimezoea kuyatoa. Tumeichagua Tunduma kuwa mahali pa kusimama tunapolitazama jambo hili, kwa kuwa huko sheria ya nchi hubadilika ndani ya hatua chache za miguu. Mchungaji wa Dodoma aweza kuzungumzia sheria za mataifa kama habari za mbali. Mchungaji wa Tunduma hawezi, maana waumini wake huvuka kwenda Nakonde asubuhi na kurudi jioni, wengine kwa biashara ya kubadilisha kwacha, wengine kumzika shangazi.

Mpaka huo haukuwekwa na wenyeji. Ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya tarehe 1 Julai 1890, nao Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili. Mji wenyewe umekua kwa haraka: sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 97,562, na ile ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 200,000. Barabara kuu ya TANZAM na reli ya TAZARA hupita hapo. Tarehe 5 Oktoba 2019 Marais Magufuli na Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha. Na malori ya shaba na mafuta hupanga foleni ndefu, pamoja na madereva na utingo wao walio mbali na nyumba zao kwa majuma mengi. Huo ndio usharika tunaouzungumzia.

Hoja ya kwanza inayosikika ni hii: “Jirani amekwisha kuhalalisha, sisi twangoja nini?” Ni kweli kwamba Baraza la Mawaziri la Zambia liliridhia kilimo cha bangi mwezi Desemba 2019, na mwaka 2021 zikatungwa sheria mbili, moja ya bangi ya tiba na utafiti, nyingine ya ile isiyolevya itumikayo viwandani. Ni kweli pia kwamba ng'ambo ya mto Songwe, mkabala na Ileje, Bunge la Malawi lilipitisha sheria ya namna hiyo Februari 2020. Lakini hakuna hata moja ya sheria hizo iliyomruhusu kijana wa Nakonde au wa Chitipa kuvuta bangi kwa starehe. Zilichofanya ni kutoa leseni. Tena leseni hizo hazikutungwa kwa kumfikiria mkulima mwenye ekari mbili. Huko Zambia, tangazo lilipotolewa mwaka 2019, ilitajwa ada ya dola za Kimarekani 250,000 kwa mwaka. Mkulima wa Mbozi anayehangaika na bei ya kahawa yake na aulize ni nani atakayevuna katika shamba hilo. Kwa hiyo anayesema “jirani amehalalisha” ama hajaisoma sheria ya jirani, ama ameisoma na anatumia jina la dawa ili kupitisha jambo jingine.

Mchanganyo huu wa tiba na starehe ndio udhaifu mkubwa wa hoja za watetezi hapa Afrika Mashariki. Huko Kenya, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitangaza mwaka 2018 nia ya kupeleka muswada Bungeni. Alifariki Julai 2019 kabla jambo hilo halijafika mbali. Mwaka 2022 George Wajackoyah aligombea urais kwa ahadi ya kulipa deni la taifa kwa mauzo ya bangi, akapata kura 61,969, pungufu ya nusu ya asilimia moja, ingawa mikutano yake ilijaa vicheko na watu. Nchini kwetu nako baadhi ya wabunge walisimama Dodoma mwaka 2019 wakiomba kilimo cha bangi kifikiriwe kwa ajili ya dawa na fedha za kigeni. Tunakiri kwamba mmea huu una tiba ndani yake: mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya aina fulani za kifafa iliyotengenezwa kutokana nao, na tarehe 2 Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika orodha ya vitu vibaya kupita vyote, ikiiacha chini ya udhibiti. Lakini mofini pia ni dawa, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa sababu wagonjwa wa saratani huihitaji, basi iuzwe stendi ya mabasi.

Watetezi wengine huja na Biblia mkononi. Husoma Mwanzo 1:29, kwamba Mungu amewapa wanadamu kila mche utoao mbegu, na Zaburi 104:14, juu ya majani yameayo kwa matumizi ya mwanadamu. Ndugu zetu Warastafari hulishika neno hili kwa dhati, na hatupendi kuwacheka. Huko Afrika Kusini mmoja wao, Gareth Prince, alishindwa mbele ya Mahakama ya Katiba mwaka 2002 alipodai uhuru wa ibada, akarudi na kushinda Septemba 2018 kwa hoja ya faragha ya mtu nyumbani kwake, si kwa hoja ya dini. Hata hivyo ufafanuzi huo wa Mwanzo 1:29 hauwezi kubeba mzigo unaotwikwa. Mnyonyo nao hutoa mbegu, na mbegu zake zina sumu ya kuua. Neno la uumbaji latuambia vitu vimetoka kwa nani. Halituambii kila kimoja kitumiweje, na nani, na kwa kiasi gani.

Sasa tugeukie upande wetu, ambako kazi ni ngumu zaidi.

Jibu la kwanza la mimbara zetu ni kuuita mmea huo mmea wa Shetani. Hili si fundisho la Kilutheri, wala si la Kikristo. Shetani hakuumba mche hata mmoja. Mtume anafundisha katika 1 Timotheo 4:4 kwamba kila alichoumba Mungu ni chema, na Bwana mwenyewe, katika Marko 7, alihamisha najisi kutoka katika vitu vinavyoingia tumboni na kuiweka katika moyo wa mtu. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 26, lilikataa kuyafanya makatazo ya vyakula kuwa sheria ya wokovu. Kijana aliyefundishwa kwamba bangi ni jani la pepo, kisha akamwona babu yake akiwapa kuku wenye ugonjwa majani yale yale bila pepo kuonekana, atajifunza jambo moja tu, kwamba mchungaji husema asiyoyajua. Nasi tutakapomwambia kwamba akili ya kijana anayevuta kila siku tangu miaka 14 iko hatarini kweli, kwamba wengine huangukia katika ugonjwa wa akili, hatatusikiliza.

Jibu la pili husema: ni dhambi kwa kuwa Serikali imekataza. Warumi 13 husomwa, na mjadala hufungwa. Hapo ndipo Tunduma inapotuaibisha. Tukiiweka dhambi juu ya katazo la Serikali peke yake, dhambi hiyo yaweza kufutwa kwa kura za Bunge, na huweza kukoma kwenye jiwe la mpaka. Mirungi yatupa mfano: sheria yetu huitaja pamoja na bangi, lakini ukivuka kwenda Kenya ni zao halali. Je, Mkristo wa Namanga ana dhambi akiwa upande mmoja tu wa barabara? Luther, katika maandishi yake ya mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, alieleza kwamba sheria ya watawala huufikia mwili na mali, haiingii rohoni. Kwa hiyo tusiikopeshe Serikali mimbara, wala tusiikope sheria ya Serikali ili tupate mahubiri rahisi.

Tukitofautisha hivyo, swali huwa jingine. Sisi twajua matumizi ya kiraia ya sheria: sheria huwekwa ili kuuzuia ubaya na kumlinda jirani, si kumfanya mtu mwenye haki. Swali la kuuliza basi si kama jani ni safi au najisi. Ni sheria ipi, mahali hapa, kwa watu hawa, itakayomlinda jirani vizuri zaidi?

Tunduma imekwisha kulijibu swali kama hilo mara moja, ingawa hatukumbuki kuona limeandikwa katika kurasa za kitheolojia. Mwaka 2012 Zambia ilipiga marufuku pombe kali za vifuko, walizoziita tujilijili. Upande wetu zile zile, zilizoitwa viroba, ziliendelea kuuzwa hadi tarehe 1 Machi 2017. Kwa takribani miaka 5 kitu kimoja kilikuwa halali Tunduma na haramu Nakonde. Nchi zote mbili hatimaye zilikataza, na hakuna Serikali kati ya hizo iliyosema pombe ni dhambi. Bia iliendelea kuuzwa kando ya barabara ile ile. Zilichoona ni kwamba kifuko cha bei ya chini kiliingia mfukoni mwa mtoto wa shule na dereva wa bodaboda, na hakuna mtu aliyeweza kukisimamia. Hiyo ndiyo hekima ya kiraia, nayo ilikuja bila msaada mkubwa wa mahubiri yetu.

Kwa kipimo hicho hatuungi mkono kuhalalishwa kwa bangi ya starehe katika nchi yetu kwa wakati huu. Kanada ilipohalalisha tarehe 17 Oktoba 2018, na Ujerumani tarehe 1 Aprili 2024, zilikuwa na maduka au vyama vyenye leseni, mipaka ya umri inayokaguliwa, maabara za kupima ukali wa jani, na waganga wa akili wanaofikika. Tunduma ina mpaka unaovukwa kwa uchochoro, watoto wanaosukuma mikokoteni badala ya kwenda shule, na malori yatakayoteremka mlima Senjele, ambako ajali zimekwisha kuzika wengi. Anayetuambia kwamba soko halali litadhibitiwa, na atuonyeshe kwanza jinsi gongo inavyodhibitiwa.

Lakini kukataa huko hakutupi ruhusa ya kuinyamazia sheria iliyopo. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, humfikisha mtu kwenye kifungo cha miaka 30, na kwa mizigo mikubwa kifungo cha maisha. Ina kifungu chepesi zaidi kwa anayekutwa na kiasi kidogo cha kutumia mwenyewe. Hata hivyo tafsiri ya usafirishaji ni pana, hujumuisha hata kuhifadhi na kumiliki, na hivyo utingo aliyekubali kubeba kifurushi cha kilo mbili kwa ujira wa siku aweza kutoka gerezani akiwa mzee. Mwenye mzigo kwa kawaida hayupo kwenye lori. Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529 Luther alieleza kwamba amri ya tano huvunjwa pia na yule anayeweza kumwokoa jirani asiangamie, naye hafanyi. Tukiichukulia amri hiyo kwa uzito, Kanisa lina wajibu wa kuomba, kwa njia halali na kwa heshima, kwamba mvutaji atenganishwe kabisa na mfanyabiashara, apelekwe kwenye tiba kabla ya gereza, na kwamba adhabu ipimwe kwa hatia. Mbeya ipo kliniki ya methadoni, lakini hiyo ni kwa watumiaji wa heroini. Kwa kijana aliyeharibiwa na bangi familia nyingi za Songwe hazina pa kwenda ila kwa mganga au kwenye maombi ya usiku kucha.

Hapa lazima tuseme pia juu ya pombe na tumbaku, maana watetezi wa bangi hutuuliza na wana haki ya kuuliza. Shirika la Afya Duniani huhesabu zaidi ya vifo milioni 7 kila mwaka kutokana na tumbaku. Nasi tumepokea sadaka za mavuno ya tumbaku kutoka Chunya na kwingineko, tukaziombea baraka. Hatuna jibu safi. Kosa la kuhalalisha sumu mbili halihalalishi ya tatu, hilo ni kweli, ila mhubiri anayekemea bangi ya kijana huku mzee wa kanisa akilewa kila mnada asishangae kanisa likimtazama kwa macho makavu.

Limebaki jambo la nidhamu ya Kanisa. Tunayo ibada ya kurudi kundini, nasi huitumia zaidi kwa makosa ya ndoa. Aliyefungwa kwa bangi akitoka, mara nyingi hutazamiwa aje mwenyewe, aandikishwe, asimame mbele ya usharika, na kesi yake isomwe upya kana kwamba hakimu hakuimaliza. Twapendekeza utaratibu ugeuzwe: mchungaji au mwinjilisti amtembelee akiwa bado gerezani, ampe Sakramenti huko huko kama anaungama na kuitamani, amwandikie barua ya utambulisho kwa usharika wa nyumbani, na wazee wawili waende nyumbani kwake katika juma lile la kwanza, kabla wale waliomtuma na kifurushi hawajafika.