Ulimi wa Mtamba

Nakaa Mbaraki, karibu na ule mnara wa matumbawe na chokaa uliosimama kwa takriban miaka 300. Magharibi ikiingia, moshi wa mishkaki hupanda na watu husifu viungo, makaa, mkono wa mchomaji. Moyo wangu huenda mbali zaidi, hadi Tana River, kwa Waorma na ng'ombe wao weupe wa Boran, maana sifa ile naona ina mwenyewe aliyesahauliwa.

Nilikesha huko usiku mmoja na mzee mfugaji. Mtamba alikuwa anazaa kwa mara ya kwanza. Ndama alipoanguka, nilitaka kumkimbilia nimpanguse. Mzee akanishika mkono.

"Mwache mamake amjue, mwanangu."

Mtamba akageuka, akanusa, akajitenga hatua tatu. Tukangoja. Mwishowe mzee akateka chumvi kidogo, akamnyunyizia ndama mgongoni, akarudi kuchutama palepale. Mtamba naye akarudi, akalamba. Hakuacha hadi ndama akajikongoja, akasimama.

Ulimi ule hukausha, huamsha damu, humfundisha mama harufu ya mwanawe. Saa chache hizo zikipotea, huenda akamkataa kabisa, na ndama aliyekataliwa hukosa dang'a. Hapo ndipo penye hatari. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili, kwa hiyo ndama huzaliwa bila kinga ya mamake. Yote huipata kwenye dang'a, na utumbo wake huipokea kwa siku moja hivi, vizuri zaidi katika saa sita za kwanza. Anayechelewa kunyonya huugua upesi, na ndama mgonjwa hakui.

Baada ya hapo ni maziwa. Wako wanaoamini kwamba ng'ombe mkali, anayemfukuza kila apitaye, ndiye mwenye ndama mnene. Ukali humwokoa ndama na fisi. Uzito hutoka kiweleni. Na mfugaji naye ana haja na kiwele kilekile! Ng'ombe wa nundu kwa kawaida hashushi maziwa mpaka ndama amguse, basi ndama huletwa aanze kunyonya, huvutwa kando, zikakamuliwa chuchu mbili, akaachiwa mbili. Wakati wa ukame, watoto wake mwenyewe wakililia kikombe, mzee hukata shauri kila alfajiri, ndama aachiwe chuchu ngapi. Zizini hamna mizani. Humpapasa ndama mbavu, huangalia manyoya yamelala au yamesimama, hutazama tumbo, kisha hujua kwamba leo amwachie tatu. Sijaona kipimo kinachonigusa kuliko vidole vile.

Kulipokucha, mzee hakumkamua yule mtamba hata tone. Aliosha kibuyu, akakiinika kikiwa kitupu, tukanywa chai ya mkandaa.