Masuala Mtambuka katika Programu: Namna OpenMRS Inavyodhibiti Utekelezaji wa Metodi

Programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa huwa na metodi nyingi, yaani vipande vya msimbo ambavyo kila kimoja hutekeleza kazi yake, na karibu zote hudai kwanza ijulikane ni nani anayeziita na kama ana idhini. Ukaguzi huo ukiandikwa upya ndani ya kila metodi, msimbo hujaa marudio, na metodi itakayosahauliwa hubaki wazi kwa yeyote. Ili kuepuka matatizo ya aina hiyo, Gregor Kiczales na wenzake wa Xerox PARC walipendekeza mwaka 1997 kwamba masuala mtambuka, kama vile usalama, yaandikwe mahali pamoja, kisha yaunganishwe na metodi zinazohusika.

Njia hiyo imetumika katika OpenMRS, mfumo ulioanza kubuniwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Mfumo huu umejengwa juu ya Spring, ambayo huweka proksi, yaani kitu kinachosimama mbele ya huduma halisi na kupokea wito kwa niaba yake. Ikichukuliwa, kwa mfano tu, kwamba umesakinishwa katika zahanati ya Mgeta, kwenye miteremko ya Milima ya Uluguru mkoani Morogoro, karani wa mapokezi anapobonyeza kitufe cha kuhifadhi, wito wa savePatient, yaani metodi ya kuhifadhi mgonjwa, hupokewa na proksi na kufika kwanza kwa AuthorizationAdvice, kipande cha msimbo kinachokagua idhini. Hicho husoma tamko la Authorized lililowekwa juu ya metodi, na karani asiye na idhini ya kuongeza wala ya kuhariri wagonjwa hurudishiwa hitilafu, nayo metodi haitekelezwi kabisa. Akiruhusiwa, kipande kingine, RequiredDataAdvice, hujaza katika rekodi mpya jina la aliyeiunda na tarehe. Kwa metodi za kubatilisha rekodi, hukataa wito usiotaja sababu.

Hata hivyo, ukaguzi huu wa nje ya metodi una mipaka miwili. Kwanza, tamko hutosheka na mojawapo ya idhini hizo mbili, kwa kuwa haliangalii kama mgonjwa ni mpya au amekwisha kusajiliwa. Hivyo savePatient yenyewe hukagua tena, ikidai idhini ya kuongeza kwa mgonjwa mpya na ya kuhariri kwa wa zamani. Pili, metodi ikiita nyingine iliyo ndani ya kitu kile kile, wito haupiti kwenye proksi, na ukaguzi hurukwa. Ndiyo maana waandishi wa OpenMRS hupitia Context, darasa linalowapa huduma pamoja na proksi yake, hata wanapoita huduma wakiwa ndani ya huduma hiyo hiyo.

Kwa hiyo kanuni inayomhusu mwitaji peke yake huwekwa nje ya metodi, ilhali inayotegemea hali ya rekodi hubaki ndani, na kila njia ya kuifikia metodi hujaribiwa kwa mtumiaji asiye na idhini.