Mali ya wizi haina mmiliki mpya: Tofauti ya ‘kumiliki’ na ‘kuwa na’

JUZI nikiwa ndani ya matatu, redio ilikuwa ikisoma habari za mahakamani. Mtangazaji akasema mshukiwa “alipatikana akimiliki pikipiki ya wizi.” Abiria aliyeketi kando yangu akaguna: “Sasa kama anaimiliki, ameiba nini?” Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa la haki.

Kosa hili linatokana na tafsiri sisisi. Kiingereza kina ‘ownership’ na ‘possession’, nasi tumeyafunika maneno yote mawili kwa ‘umiliki’. Kisheria, la kwanza ni haki juu ya kitu. La pili ni kuwa na kitu mkononi au chini ya udhibiti wako, kiwe chako au cha mwingine. Kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hujumuisha hata kitu ambacho mtu, kwa kujua, amekiweka kwa mwenzake au mahali fulani, pawe pake au pasiwe pake.

Sarufi nayo imechangia mkanganyiko huu. Wanasarufi wa Kiingereza huliita ‘my’ neno la umilikaji, nasi tuna vivumishi vimilikishi. Hata hivyo, mpangaji husema “nyumba yangu” ilhali hulipa kodi kila mwezi, na tena husema “landilodi wangu” bila kummiliki mtu huyo! Kimilikishi huonyesha uhusiano tu. Hati ya nyumba ni jambo jingine.

Kitenzi ‘miliki’ kina uzito zaidi. Ni wa ukoo mmoja na ‘milki’, ‘mamlaka’ na ‘malkia’. Watangazaji wa kandanda wanaposema timu “inamiliki mpira”, wana maana ya kuutawala, na hakuna anayeumia. Mahakamani mambo ni tofauti. Chukua mtu aliyebebeshwa mzigo wenye bangi. Akiulizwa, “Unamiliki mzigo huu?” atajibu upesi, “Hapana, ni wa mwenzangu,” akidhani amejitetea. Kumbe linalotakiwa ni kama alikuwa na bangi hiyo na kama alijua anayo. Ameulizwa swali moja, anahukumiwa kwa jingine.

Tazama pia mizozo ya ardhi. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Mashtaka (Sura ya 22), mtu aliyekalia shamba la mwingine kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi, bila kutumia nguvu wala kupewa ruhusa, anaweza kuiomba mahakama aandikishwe kuwa mwenye shamba. Tukisema “amelimiliki kwa miaka 12”, basi anaiomba mahakama kitu gani? Amelikalia, umiliki ndio anaoutafuta.

Kiswahili hakijapungukiwa na maneno. Tuna ‘kuwa na’, ‘kupatikana na’, ‘kushikilia’ na ‘kukalia’. Kwa hivyo, badala ya kusema “alipatikana akimiliki pikipiki ya wizi”, tuseme “alipatikana na pikipiki ya wizi”. Badala ya “alishtakiwa kwa kumiliki bangi”, tuseme “alishtakiwa kwa kupatikana na bangi”. ‘Kumiliki’ tumwachie mwenye mali, naye mwizi tumwache na alichokishika hadi mwenyewe akichukue.